Jumapili Niliyomnunua Cucu

Juzi nilipanda lifti pale mjini kwenda kazini, orofa ya saba, tukiwa tumebanana humo ndani watu kama elfu tatu hivi, na mlango ulipofunga tu nikapigwa na harufu ya ugoro. Si sigara. Ugoro wenyewe, ule wa kunusa, umechanganyika na mafuta ya kuchua magoti na sabuni ya kipande. Nikageuka. Nyuma yangu alisimama bibi mmoja wa kitambaa cha buluu kichwani, ameshika bahasha ya hospitali, na kijana wake kando anabonyeza simu. Orofa ya saba ikapita. Ya nane ikapita. Nilishuka nao ya kumi na moja bila shughuli yoyote huko, nikarudi kwa ngazi, na bosi aliponiuliza mbona nimechelewa nikamwambia nilikuwa kwenye lifti na cucu wangu. Bosi anajua cucu wangu alishafariki. Alinivutia kiti, akaniletea maji.

Cucu ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita nyanya, na huyu wangu alikuwa mama yake baba. Alikuja kuishi nasi Kangemi baada ya Guka, yaani babu, kufariki, na hakuja na mizigo mingi: sanduku la bati, blanketi mbili, na kikopo cha ugoro ambacho sijawahi kukiona kikiisha. Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya soko. Cha mbele kilikuwa cha baba na mama, na pia kilikuwa sebule, jikoni, bohari na ukumbi wa mikutano ya kimataifa. Cha nyuma tulilala mimi na Cucu, kitanda kimoja. Nilikuwa mtoto pekee, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo jina lake ndilo langu. Goti lake lilikaa mgongoni mwangu usiku kucha kama tofali, na alivyokoroma, nadhani malori ya Waiyaki Way yalikuwa yanapisha yakidhani kuna kubwa zaidi linakuja. Mimi nililala kwa huo mlio kama watu wengine wanavyolala kwa mvua ya mabati. Siku alizoenda kulala kwenye maombi ya akina mama nilikodoa macho hadi asubuhi.

Sasa, mtoto wa Kangemi hukua akijua bei kabla hajajua alfabeti. Mtungi wa maji ulikuwa na bei. Choo kilikuwa na bei, na ukitaka karatasi unaongeza. Kuchaji simu bei, kuazima mkokoteni bei, hata kivuli cha mwamvuli pale sokoni kilikuwa na mwenyewe aliyekikodisha kwa siku. Mimi nilikuwa hodari wa bei kuliko watoto wote wa dunia. Mama alinichukua kwa mitumba kila Jumamosi, na huko ndiko nilikojifunza kitu ambacho hata walimu wangu wa shule ya usiku, miaka mingi baadaye, hawakunifundisha vizuri zaidi: ukiipenda nguo, itukane. Mama akiona blauzi imemwingia moyoni, uso wake unakunjamana kama ameona panya. "Hii? Imetoboka hapa. Kola imechoka. Hii si ya kuvaa ni ya kupangusa." Nguo asiyoitaka hata haigusi. Kwa hiyo mimi, mtoto wa miaka tisa, nilijua kwa uhakika kwamba mtu akikaa anakitafutia kitu kasoro, basi anakitaka sana.

Na mnada nao nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Jirani yetu Mama Nekesa, aliyetoka magharibi na kuuza samaki wa kukaanga mlangoni, alikuwa amedhamini mkopo wa rafiki, rafiki akayeyuka, na siku moja madalali wakaja na pikapu. Walitoa nje sofa zake na televisheni, wakaziweka kwenye vumbi mbele ya ploti nzima, yaani wapangaji wote wa ua wetu, na watu wakasimama kila mtu na bei yake. Mwenye bei nzuri akabeba sofa siku hiyohiyo. Mama Nekesa alikaa juu ya ndoo akaangalia sofa ikienda juu ya mkokoteni, na mito yake imepangwa vizuri kama abiria. Hilo sikulisahau.

Ndiyo mpate kuelewa nilivyoshtuka wiki ile ya likizo.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti kwenye kibanda cha jua kali kando ya barabara, na wateja wake wengi walikuwa wenye nyumba wa Mountain View, watu wa kupenda geti lenye mishale ya dhahabu juu. Siku hiyo nilimpelekea chakula cha mchana nikakuta gari la Anko Njoroge limeegeshwa nje. Anko ndiye kaka mkubwa wa baba. Aliishi hukohuko Mountain View, alifanya kazi ofisini mjini, na alivaa tai hata Jumamosi. Alikuwa amemaliza kozi ya jioni ya usimamizi wa biashara, na tangu apate ile karatasi hakuona tena watu, aliona gharama. Mke wake alikuwa gharama ya uendeshaji. Watoto wake watatu walikuwa uwekezaji wa muda mrefu. Mbwa tu ndiye alikuwa faida, kwa sababu alikuwa amemwachisha kazi mlinzi.

Nilisimama nyuma ya geti ambalo halijapakwa rangi, sufuria mkononi.

"Sikiza, Kamau," Anko alikuwa akimwambia baba. "Hii mambo ya Maitu tuifanye kibiashara." Maitu ni mama, ndivyo baba, Anko na dada yao Wambui walivyomwita Cucu. "Mtoto mwingine anakuja, nyumba yako ni ndogo, dawa za presha unanunua peke yako. Jumapili tukutane kwako, mimi, wewe na Wambui. Kila mtu aje na bei yake."

"Bei ya nini?"

"Ya Maitu. Tunaweka bei mezani, tunaangalia, bei nzuri inashinda. Maitu anaenda na huyo mtu siku hiyohiyo, na hakuna kuvutana."

Baba alikuna shingo kwa mkono mchafu. "Sijui, Njoroge. Inakaa vibaya."

"Inakaa vibaya juu hujazoea. Barabara si zinajengwa hivo hivo? Kwa tenda!"

Ninyi mlioenda shule mchana mmeshaelewa. Alichotaka Anko ni kila mmoja aseme angehitaji kulipwa pesa ngapi kwa mwezi ili akae na mama yao. Mwenye bei ya chini angempata, na wengine wangemlipa. Lakini mimi sikusikia tenda. Nilisikia kila mtu na bei yake, nilisikia siku hiyohiyo, na nikaona mkokoteni, na Cucu wangu amekalishwa juu yake akipungia soko lote mkono.

Chakula cha baba nilikifikisha kikiwa kimebaki nusu, nusu nyingine imemwagika pale getini. Nilimwambia kuku wa njiani ndio wamekula.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani, na waliokuwa wakiuza ndio wenye nyumba? Nilienda kwa mtaalamu. Mama Nekesa alikuwa akigeuza samaki kwenye karai.

"Mama Nekesa, mtu akitaka kununua kitu kwa mnada anafanya nini?"

"Unataka kununua nini wewe, na hata kamasi hujapangusa?"

"Nauliza tu."

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Wanaanza kwa kukitusi, mama. Sofa yangu! Ati ina kunguni. Ati mguu mmoja umelegea. Yule aliitusi zaidi ya wote, si ndiye aliibeba? Na vitu vikuukuu vinaenda bei ya kutupa. Wewe ukiwa na pesa mkononi, za kuhesabika, unachukua. Wanapenda pesa ya kuhesabika."

Ikawa kama mama na Mama Nekesa wamesoma kitabu kimoja. Na moyo ukanitulia kidogo, kwa sababu Cucu alikuwa mkuukuu sana. Sikujua mtu mkuukuu kumzidi, ila labda kanisa.

Nilikuwa na kopo la kakao lenye pesa za ziara ya shule. Muhula uliofuata darasa letu lingekwenda kuona wanyama, na mimi nilikuwa nimeweka akiba tangu, kwa hesabu yangu ya wakati ule, enzi za wakoloni. Nilimwaga sarafu kitandani: mia moja na tisini. Siku tatu zilizobaki nilibeba maji ya Mama Nekesa, nikauza kamba yangu ya kuruka, na nikamuuzia binti wa chumba nambari nne mdoli wangu ambaye alikuwa hana mkono lakini alikuwa na tabia nzuri. Jumamosi jioni nilikuwa na mia mbili na arobaini. Wanyama wangeningoja. Hawana pa kwenda.

Zikabaki kasoro. Hizo zilihitaji ukaguzi, na Alhamisi nilikuwa nimeshamwendea Cucu akiota jua mlangoni.

"Cucu, fungua mdomo."

"Kwa nini?"

"Nihesabu meno."

"Wewe! Mimi ni ng'ombe ya soko?" Lakini akafungua, maana hakuwahi kuninyima kitu. Nikahesabu tisa. Nikamwinua mguu nikasikiliza goti, likalia krr kama mlango wa choo cha kulipia. Nikachungulia masikio. Yeye alikuwa akicheka mpaka ugoro ukamwagika kwenye sketi.

"Umeona ugonjwa gani, daktari?"

"Mengi," nikasema, na badala ya kufurahi nikasikia machozi yanakuja, nikakimbilia nyuma ya nyumba. Ni vigumu kumtafutia mtu kasoro wakati anakuchekea.

Jumapili ikafika. Tulirudi kutoka kanisani tukawakuta wageni mlangoni. Anti Wambui, dada wa baba, alikuwa amekuja kutoka Kileleshwa. Alikaa orofa ya nne katika zile ghorofa za watu wa mshahara, alikuwa na viatu vya kisigino kirefu kama ngazi, na mkoba ambao mama alisema ungelipa kodi yetu hadi Krismasi mbili. Cucu alibusiwa, akasalimiwa, akaulizwa hali ya presha, kisha akapewa karai la minji, zile njegere za kijani, na kigoda, akaambiwa akae nje kwenye jua amenye taratibu. Mimi niliambiwa nimsaidie. Nilimenya minji nne. Kisha nikasema naenda chooni, nikapita mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye pazia linalotenga vyumba viwili, kopo la kakao tumboni.

Anko alianza kwa maombi. Alimshukuru Mungu kwa zawadi ya mzazi, akasema amina, akafungua daftari.

"Wambui, ladies first. Bei yako."

Anti akavuta pumzi. "Mimi nampenda Maitu, mnajua. Lakini kwangu ni ngazi, na goti lake haliwezi. Ugoro utaingia kwa mapazia. Msichana wa kazi atataka aongezewe, maana Maitu anaamka saa kumi kuimba. Nimepiga hesabu. Elfu kumi na mbili."

Nyuma ya pazia nikashika kopo kwa nguvu. Elfu kumi na mbili! Lakini niliona pia anavyomtaka: alimtukana kama mama anavyotukana blauzi ya hariri.

"Mimi elfu kumi," Anko akasema, anaandika. "Na hiyo ni bei ya mtoto wa kwanza. Mke wangu hawezi harufu ya ugoro. Maitu anakoroma, watoto wana mitihani. Na chakula chake ni cha peke yake, chumvi hapana, mafuta hapana."

Hapo akili yangu ya mitumba ikafanya kazi kama umeme. Bei ilikuwa inashuka! Kumi na mbili, kumi. Kila kasoro ikitajwa, kitu kinapungua thamani, kama ilivyo sawa na haki. Baadaye sana, nikiwa darasani usiku pale mjini, mwalimu wa biashara alituomba mfano wa bei inayoanguka mnunuzi akionyesha dosari, na nikainua mkono nikawaeleza habari ya pazia hili. Darasa zima, makondakta, wapishi na askari wa lindo, walicheka mpaka mlinzi wa jengo akapanda kuona kuna nini. Lakini siku ile sikuwa nacheka. Nilikuwa nangoja baba.

Baba alikuwa anakuna shingo tena. Mama, tumbo limefika kwenye meza, alikuwa anatazama kitambaa cha kochi.

"Kamau?" Anko akasema.

"Mimi nimezoea kukaa na yeye."

"Bei, Kamau. Hatuko kanisani."

Baba akaangalia mikono yake, ile mikono iliyojaa madoa ya cheche. "Elfu nane," akasema, polepole sana. "Ya dawa, na kama ningepata chumba cha tatu. Elfu nane."

"Nane, mara ya kwanza," Anko akasema kwa mzaha, na akainua kalamu.

Mzaha wake ndio ulioniua. Mara ya kwanza! Ndivyo dalali alivyosema kwa sofa. Nilitoka kwenye pazia kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

"Ngojeni!" nikasema. "Ana meno saba tu! Na goti linalia! Sikio la kushoto halisikii ukimwita kuoga. Anakula ugali baridi asubuhi, anasahau majina ya watu, ananiita mimi jina la dada yake aliyekufa. Blanketi analivuta lote. Na amekwisha kuwa mzee sana, hana miaka mingi ya kutumika. Huyo hawezi kuwa elfu nane!"

Wote walikuwa wamefungua midomo. Ningeweza kuwahesabu meno.

"Wewe mtoto," mama akaanza.

Anko akampoza kwa mkono. Nadhani alifurahi kupata mtu wa fikra zake. "Acha aseme. Haya, madam, wewe ungesema ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Kwa mwezi?" Anko akacheka, akamgeukia baba. "Kamau, umeona? Binti yako anachukua tenda kwa mia mbili na arobaini! Madam, utaweza kweli kumtunza na hiyo pesa tukikulipa?"

"Sitaki mnilipe," nikasema. "Ni mimi ninalipa. Ninazo hapa."

Nikapindua kopo juu ya meza. Sarafu za miaka yote ya utawala wangu zikamwagika, nyingine zikaviringika hadi chini ya viatu vya Anti, na noti moja ya hamsini iliyokunjwa mara kumi na sita ikaanguka kwenye daftari la Anko, juu ya zile namba zake. "Zote ni za kuhesabika. Yeyote anayemuuza Cucu azichukue. Lakini asiende kwa mkokoteni."

Soko la Kangemi nadhani lilisimama. Hata samaki wa Mama Nekesa waliacha kuchemka. Anti Wambui alikuwa ameinama kuokota shilingi iliyokuwa kisiginoni kwake, na hakuinuka. Alibaki amechutama hivyo hivyo, uso chini, na mabega yake yakaanza kutingishika. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Anko akavuta tai yake.

Mimi sikuelewa. Nilidhani zimepungua. "Nitaongeza," nikasema. "Nibebe maji hadi muhula ufunguliwe."

"Ni tisa."

Cucu alikuwa amesimama mlangoni, karai la minji kiunoni. Ukuta wetu ulikuwa wa mabati, jamani. Kwenye ukuta wa mabati hakuna nje na ndani. Alikuwa amesikia kila kitu tangu amina.

"Meno ni tisa," akarudia, akinitazama mimi tu. "Ulihesabu mwenyewe Alhamisi. Saba umetoa wapi? Ulitaka kunipunja?"

"Nilitaka ushuke bei, Cucu."

"Aha." Akaweka karai chini. Akawaangalia watoto wake watatu, mmoja mmoja, bila haraka, kama anavyokagua minji. "Nani alikuwa anauza?"

Anko akafunika daftari kwa kiganja.

"Nauliza. Mtoto ameleta pesa. Mwenye mali ajitokeze achukue."

"Maitu, si hivyo," Anko akasema, na tai ilikuwa imemwendea upande. "Ilikuwa ni mpango tu. Tulitaka mzigo usimwangukie mtu mmoja."

"Basi mimi ndiye mwenye mali," Cucu akasema. "Nimekubali bei. Njoroge, wewe umesoma, hesabu."

Na Anko Njoroge, mtu wa Mountain View, akahesabu. Alizipanga kwa mafungu, za shilingi tano huku, za kumi kule, na kadiri alivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyozidi kudidimia. Alipofika mia mbili na thelathini na tisa, Anti akanyoosha mkono kutoka chini ya meza na ile shilingi moja.

"Andika," Cucu akasema.

"Maitu..."

"Andika! Si uliandika hizo zingine?"

Akaandika. Nilisimama karibu yake kuhakikisha. Aliandika mia mbili na arobaini, na chini ya jina la mnunuzi akaandika jina langu, ambalo pia ni jina la mama yake, na hapo ndipo kalamu ilipomshinda. Akavua miwani. Akasema chumba kina moshi. Jiko halikuwa limewashwa tangu asubuhi.

Mimi bado nilikuwa na wasiwasi, na ningependa mwelewe kwamba machozi ya watu wazima hayakunisaidia hata kidogo. Kwa mnada wa Mama Nekesa pia watu walilia na sofa ikaenda. Nikamvuta Cucu sketi. "Wanaweza kubadilisha mawazo?"

Cucu akafikiri. Kisha akazikusanya zile pesa zote, akaniwekea kwenye viganja. "Kimbia kwa mwenye bucha. Mwambie kilo moja, ya mifupa kidogo, asikuwekee mafuta. Inayobaki, vitunguu na dania. Usirudi na hata senti."

"Lakini ni bei yako!"

"Ndiyo bei yangu. Nenda."

Nilienda nikarudi kwa kasi ambayo naamini haijavunjwa hadi leo. Mama alitaka kuinuka kupika, Cucu akamkalisha na tumbo lake. Alipika mwenyewe, kwa minji na viazi, na Anti Wambui akavua viatu akakaa chini kumenya vitunguu, akawa na sababu nzuri ya kuendelea kulia. Baba akawasha jiko. Anko alitumwa maji. Nilimwona akipita mbele ya ploti nzima na mtungi begani na tai shingoni, na Mama Nekesa akamwuliza, "Kwani leo ni nini?" naye akajibu, "Hata mimi sijui, mama."

Chakula kilipoiva, Cucu akapakua, akatia nyama kwa kila sahani kwa mkono wake mwenyewe. Anti akasema yeye siku hizi nyama hali sana. "Kula," Cucu akasema. Akala. Anko akala, akafuta sahani na kipande cha mkate, akaomba mchuzi tena. Baba alikula ameangalia chini mpaka mwisho, ndipo akaninyooshea mfupa wake, ule wenye uboho ndani, akanishika kichwa akauacha mkono hapo.

Cucu alingoja hadi wa mwisho alambe kidole.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, Maitu."

"Vizuri. Mbuzi wa mahari akishaliwa, kuna mtu hurudisha binti kwao?" Akanusa ugoro wake taratibu, pua hii, pua ile. "Pesa ya huyu mtoto mmeila, iko tumboni. Mwenye kutaka kunihamisha aitoe kwanza."

Anko Njoroge ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na baba akamfuata, na Anti, na mama akashika tumbo akisema jamani mtanizalisha hapa. Nikaona shingo ya baba imelegea. Sikuwa najua ilikuwa imekaza kwa miezi mingapi. Kabla ya chai, Anti alikuwa ameshasema dawa za presha zitatoka kwake, zote, na asisikie mtu anataja hesabu. Na baba akasema kwa nini hatukufikiria kitanda cha orofa, yeye si fundi, vyuma viko, na Anko akasema godoro la juu atalinunua yeye. Yale mambo yaliyohitaji daftari yalimalizika kwa kikombe kimoja cha chai. Siwacheki. Nimepanga bajeti zangu mjini hapa, nimemwona mtu anavyoweza kuamka asubuhi akahesabu kila mtu anayempenda kama bili. Pesa ikikubana, inakufundisha lugha yake.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa Uthiru, wageni wakaaga. Mimi nilitangulia nikasimama kwenye geti la ploti, miguu nimeitanua, kopo tupu mkononi, kama askari wa lindo. Akatoka Anko Njoroge, daftari kwapani. Nikahesabu mmoja. Akatoka Anti Wambui, viatu mkononi bado, nikahesabu wawili. Gari likawaka, likarudi nyuma, likageuka. Nikachungulia kiti cha nyuma kwa dirisha, Anko akashusha kioo.

"Unatafuta nini tena, mwenye mali?"

"Hakuna," nikasema.

Likaondoka. Nikahesabu tena, kwa vidole, maana siku ile nilikuwa nimejifunza kutoamini hesabu ya mtu mwingine. Wawili walikuja, wawili wameenda. Ndani nikamsikia Cucu akimwuliza mama kama kuna mtu ameona kikopo chake cha ugoro.